Habari zako huenda wapi ufunguapo tovuti ya serikali?



Kazi nyingi za serikali zilizokuwa zikifanyika mbele ya dirisha la ofisi sasa hufanyika kwa kompyuta au kwa simu ya mkononi. Mfanyakazi anayetaka namba ya mlipa kodi, yaani TIN, hujaza fomu katika tovuti ya URA. Anayeomba pasipoti huanzia katika tovuti. Anayetaka kujua kama mwajiri wake amepeleka akiba NSSF hutazama kwa simu. Na anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, habari zake huingizwa katika kompyuta za Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Hilo ni jambo jema. Mchuma chai wa Fort Portal au mkata miwa wa Lugazi hana haja ya kupoteza ujira wa siku nzima na nauli ya kuja Kampala kwa ajili ya karatasi moja. Lakini kila ufunguapo tovuti ya serikali, unaacha habari zako huko. Nani anazichukua? Za kazi gani? Atakaa nazo mpaka lini? Nawe una haki gani juu yake? Mfanyakazi asiyejua majibu ya maswali haya ni kama mtu aliyetia sahihi mkataba bila kuusoma.

FUNZO LA KIPANDE

Wazee wetu wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Nchini Kenya, sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, waajiri aliowatumikia na mshahara aliolipwa. Kipande kilitiwa katika kikopo cha bati kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi alihesabiwa kuwa mtoro. Na kwa kuwa mshahara wa zamani uliandikwa pale, mwajiri mpya hakuona sababu ya kumwongeza.

Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande Nairobi mwaka 1921. Thuku alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika kumdai, nao wakapigwa risasi. Kipande kilikuja kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Funzo lake ni hili: habari za mfanyakazi zikikaa mikononi mwa mtu mwingine, na mwenyewe hana sauti juu yake, habari hizo hugeuka kuwa mnyororo. Leo hatuvai kikopo shingoni. Tuna namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, yenye herufi na tarakimu 14, na namba hiyo inatufuata kila mahali: kwenye laini ya simu, benki, kodi na akiba ya uzeeni. Tofauti kubwa ni kwamba leo tunayo sheria ya kutulinda. Sheria hiyo itatusaidia tukiijua.

TOVUTI HUCHUKUA NINI?

Fikiri geti la kiwanda kama vile vya Namanve. Mgeni akifika hupitia mambo matatu, na tovuti nayo ina mambo matatu kama hayo.

Kwanza, daftari la mlinzi. Mlinzi wa geti huandika saa uliyofika, namba ya gari na ofisi unayokwenda. Tovuti hufanya vivyo hivyo yenyewe, bila kukuuliza. Kila simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti ina namba yake ya anwani. Kompyuta inayobeba tovuti huandika namba hiyo, saa uliyoingia, aina ya simu yako na kurasa ulizofungua. Ofisi husema inaandika hayo ili kuhesabu wageni na kuwakamata wahalifu wanaotaka kuvunja mtambo. Sababu hizo ni za kweli. Lakini ujue kwamba kutoandika jina lako si sawa na kutoonekana.

Pili, tikiti. Mlinzi hukupa tikiti ili ukirudi ajue umekwisha kuandikwa. Tovuti nayo huweka katika simu yako kumbukumbu ndogo inayoitwa kidakuzi. Siku ukirudi, tovuti hukisoma kidakuzi na kukutambua. Vingine ni vya lazima, kwani bila hivyo fomu ndefu ingepotea kila ukigeuza ukurasa. Vingine ni vya kuhesabu nyendo za wageni, na mara nyingi mashine ya kuhesabu ni ya kampuni ya nchi za nje iliyokaribishwa na mwenye tovuti. Hapo habari za nyendo zako zimevuka mpaka wa Uganda.

Tatu, fomu. Haya ndiyo unayoyaandika kwa mkono wako: jina, NIN, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kijiji, majina ya wazazi, picha ya kitambulisho. Hapa ndipo penye uzito, maana mtu mwingine akiyapata hayo anaweza kujifanya wewe.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha, yaani haki ya mtu ya kutoingiliwa mwilini, nyumbani, katika mali yake na katika mawasiliano yake. Juu ya msingi huo Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Kenya ilitunga ya kwake mwaka huohuo wa 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022.

Sheria yetu haihusu kompyuta peke yake. Habari za mtu ni zile zinazomtambulisha, kwa namna yoyote zilivyoandikwa: umri, ndoa, elimu, kazi, namba ya kitambulisho, hata maoni ya mtu mwingine juu yake. Daftari la karani wa shamba limo. Faili la mwajiri limo. Tovuti ya serikali imo.

Misingi yake ni rahisi kuielewa. Anayechukua habari zako achukue kwa haki na kwa njia halali. Achukue kwa kazi maalumu, asizitumie kwa kazi nyingine. Achukue zinazotosha tu, asizidishe. Ahakikishe ni sahihi. Asikae nazo kupita muda unaoruhusiwa. Azilinde zisiibiwe. Naye akiona zimeibiwa au kuonwa na asiyehusika, lazima aitaarifu mara moja Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U, ambayo ndani yake imo ofisi ya kulinda habari za watu, inayojulikana kwa herufi PDPO. Mamlaka ndiyo huamua kama wewe mwenye habari nawe utaambiwa.

Kuuza habari za watu ni kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 4,900,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni ikitiwa hatiani, mahakama yaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake yote ya mwaka.

Tuseme ukweli wote, maana chama hakijengwi kwa kudanganyana. Si kila kitu unaweza kukataa. Kwa kawaida habari huchukuliwa kwa ridhaa ya mwenyewe, lakini ridhaa haihitajiki pale sheria nyingine inapoamuru, au chombo cha serikali kinapotekeleza kazi yake ya umma, au kwa usalama wa taifa, au kwa kuzuia na kupeleleza uhalifu. URA haikuombi ruhusa ya kujua mshahara wako. Hata hivyo ofisi inayokulazimisha kutoa habari bado inawajibika kuzilinda, kuzitumia kwa kazi ile tu, na kukueleza.

Kuna pengo moja ambalo sisi watu wa chama yatupasa kuliangalia sana. Sheria imetaja habari zenye ulinzi wa pekee: dini na imani, maoni ya kisiasa, maisha ya unyumba, hali ya fedha na habari za afya. Uanachama wa chama cha wafanyakazi haukutajwa katika orodha hiyo. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya umetajwa wazi. Kila mmoja wetu anajua kinachoweza kumpata mfanyakazi pale orodha ya wanachama inapoangukia mikono isiyofaa.

MASWALI MATANO KABLA YA KUJAZA FOMU

Tovuti nyingi za serikali zina ukurasa unaoeleza wanavyotumia habari za wageni. Mara nyingi umefichwa chini kabisa, kwa maandishi madogo, kwa Kiingereza cha wanasheria. Mtafute mtu akusomee, nawe uulize maswali haya matano. Majibu yake sheria inataka uelezwe kabla habari hazijachukuliwa.

1. Nani anachukua habari hizi, na anwani yake ni ipi? Ofisi isiyojitaja jina usiipe jina lako.

2. Anazitaka kwa kazi gani? Jibu la "kuboresha huduma" halitoshi. Kazi itajwe.

3. Ni lazima nijibu, au ni hiari? Nisipojibu, nini kitatokea? Kama ni hiari na huoni faida yake, acha wazi.

4. Atampa nani mwingine? Angalia kama wametaja idara nyingine, kampuni za nje au watangazaji wa biashara.

5. Atakaa nazo muda gani, nami nawezaje kuziona na kuzisahihisha?

Kabla ya maswali hayo, hakikisha umeingia mlango wa kweli. Anwani za tovuti za serikali ya Uganda huishia na herufi go.ug. URA, kwa mfano, ni ura.go.ug. Lakini NSSF hutumia nssfug.org, kwa hiyo usihukumu kwa mwisho wa anwani peke yake. Ukipata anwani kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mtu usiyemjua, usiibonyeze. Andika anwani wewe mwenyewe. Na ile alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa maana yake ni kwamba hakuna anayechungulia njiani. Haithibitishi kwamba mwenye nyumba ni mwaminifu. Mwizi naye aweza kufunga mlango wake kwa kufuli.

HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Katika kazi yangu ya kuzunguka matawini nimeona kwamba wafanyakazi wengi hawajazi fomu wenyewe. Huenda kwenye kafe ya intaneti au kwenye kibanda cha fotokopi, wakampa kijana kitambulisho na shilingi elfu kadhaa, wakakaa pembeni. Vijana wengi ni waaminifu. Lakini hapo ndipo habari hupotea, hata kama tovuti yenyewe ina ulinzi wa chuma.

Kosa linalorudiwa sana ni kijana kuandika namba yake ya simu au barua pepe yake badala ya yako, kwa sababu huna barua pepe au kwa sababu ana haraka. Tangu siku hiyo, kila ujumbe wa ofisi humwendea yeye. Neno la siri likitaka kubadilishwa, ufunguo anao yeye. Wapo wanachama wa matawi yetu waliotaka kuingia katika akaunti zao baada ya miaka, wakaona namba ya simu iliyoandikwa ni ya mtu wasiyemkumbuka hata sura.

Basi ukienda kujaziwa, fanya hivi. Kaa mbele ya kioo utazame kinachoandikwa. Namba ya simu iwe yako mwenyewe. Neno la siri ubonyeze wewe, usimtajie. Tarakimu zinazoletwa na ujumbe wa simu usizisome kwa sauti. Kazi ikiisha, hakikisha ametoka katika akaunti yako na amefuta picha ya kitambulisho katika kompyuta yake. Fotokopi zilizoharibika ondoka nazo. Usiziache zifungiwe maandazi.

KOSA MOJA LA TAREHE

Wengine watasema, "Mimi ni mtu mdogo, nani atataka habari zangu?" Hebu tuangalie upande wa pili: habari zako zikiwa na kosa.

Mafao ya uzeeni ya NSSF hulipwa mfanyakazi akifika miaka 55. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake. Yote hayo yanahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Karani akiandika 1979 mahali pa 1970, umenyimwa miaka tisa kwa kidole kimoja. Jina likiandikwa kwa herufi tofauti NIRA na NSSF, utatakiwa uthibitishe kwamba wewe ni wewe.

Si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2021 mashirika ya Unwanted Witness na ISER ya hapa Uganda, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha New York University, yalitoa ripoti juu ya kitambulisho cha taifa. Ilieleza jinsi wazee walivyokosa posho ya serikali na akina mama walivyokosa huduma hospitalini kwa sababu ya kukosa kitambulisho au ya makosa katika habari zao. Kwa mtu maskini, kosa katika kompyuta ni njaa nyumbani.

NAMNA YA KUDAI HAKI YAKO

Sheria imekupa hatua za kufuata, nazo hazihitaji wakili.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Andika barua kwa ofisi yenye habari zako, uthibitishe wewe ni nani, uulize wana habari gani juu yako, wanazitumia kwa kazi gani na wamempa nani. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Weka nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya pili ni kusahihisha. Habari zikiwa na kosa, zimepitwa na wakati, au zimechukuliwa kinyume cha sheria, dai zisahihishwe au zifutwe.

Hatua ya tatu ni kuzuia. Kama habari zako zinatumika kwa namna inayokuletea madhara yasiyo ya haki, andika kuwataka waache. Wana siku 14 za kujibu kwa maandishi: wameacha, wataacha, au wana sababu gani ya kukataa. Matangazo ya biashara nayo waweza kuyazuia.

Hatua ya nne ni kulalamika kwa PDPO, na ukiwa umepata hasara, kwenda mahakamani kudai fidia.

Je, hatua hizi zina meno? Mwaka 2021 NITA-U iliichunguza kampuni ya SafeBoda, inayojulikana na kila mpanda boda wa Kampala, ikakuta kwamba ilikuwa ikipeleka habari za wateja kwa kampuni ya nje iitwayo CleverTap bila kuwaeleza wateja ipasavyo. Na kwa upande wa serikali, tutazame jirani. Nchini Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa habari za wananchi. Serikali ni kubwa, lakini sheria ni kubwa zaidi pale wananchi wanapoisimamia.

KAZI YA TAWI

Mfanyakazi mmoja akiandika barua, karani aweza kuitupa katika droo. Barua ya wafanyakazi 200 kupitia chama haitupiki. Kwa hiyo kila tawi lifanye mambo manne.

Moja, lichague mwanachama mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, awasomee na kuwaeleza wengine fomu na kurasa za tovuti kabla hawajajaza.

Mbili, mara moja kwa mwaka liwahimize wanachama wote kutazama akaunti zao za NSSF: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na kama mchango wa kila mwezi, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, umeingia. Makosa yakusanywe na kupelekwa kwa pamoja.

Tatu, katika mapatano na waajiri tudai kifungu cha habari za wafanyakazi. Mwajiri anayeshika NIN zetu, alama za vidole za mashine ya kuingilia kazini na karatasi za daktari amefungwa na sheria ileile. Na orodha ya wanaokatwa ada ya chama itumike kwa makato hayo tu, isimfikie mtu mwingine.

Nne, tuanze nyumbani. Chama nacho kinashika majina, namba za simu na ada za wanachama. Daftari la tawi lisiachwe juu ya meza ya kantini. Hatuwezi kuidai serikali usafi huku mikono yetu ina tope.

Tena tuwaombe wakubwa wa serikali jambo moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa Katiba. Kurasa zinazoeleza jinsi habari zetu zinavyotumika ziandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wananchi, kwa maneno ambayo mkata miwa anayaelewa. Ridhaa ya mtu asiyeelewa si ridhaa.

Ofisi ya serikali inashika habari zetu kama amana. Mwenye mali ni mfanyakazi, na mwenye mali huikagua mali yake. Wiki hii, kabla ya mkutano wa tawi, kila mmoja atazame akaunti yake, aandike kosa alilolikuta, alilete kwa katibu.

Umoja ni nguvu!